Pumzi ya Kuvuta

Nilimfahamu kwa sababu ya mapafu yake. Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi katika kliniki ya mazoezi ya kupumua huko Fort Worth, ambako watu wenye mapafu yaliyochoka huja kutembea kwenye mashine, kunyanyua vyuma vidogo na kujifunza upya kuvuta na kutoa hewa. Aliletwa na binti yake mwanzoni mwa mwaka 2018. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kijivu na mrija wa oksijeni puani, na mikono mikubwa iliyoonekana kama ameiazima kwa mtu mwingine.

Kipimo cha kwanza ni kupuliza kwenye bomba. Mgonjwa anavuta hewa, anaitoa yote kwa nguvu, na sisi tunasimama pembeni tukimhimiza: puliza, puliza, usiache. Yeye aliacha katikati.

"Umekosea upande, binti," aliniambia alipotulia. "Maisha yangu yote nimekula kwa kuvuta, si kwa kupuliza."

Binti yake, mwalimu wa sekondari aliyekaribia kustaafu, hakutabasamu. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa mpiga harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomoni, katika muziki wa blues huko Houston kwa zaidi ya miaka arobaini. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yaliingia nyumbani kwake, akakaa juu ya meza ya jikoni mpaka alipofuatwa kwa mashua, na tangu hapo anaishi kwa binti.

"Mambo ya harmonika yamekwisha," alisema. "Daktari amekataza."

Ni kweli daktari wetu alikuwa amekataza. Pafu la kulia la mzee liliwahi kuchanika, hewa ikavujia kifuani, nusura afe. Tena ugonjwa wake ulikuwa ule ambao hewa inaingia lakini kutoka haitaki. Mtu anaendelea kuvuta juu ya hewa ya zamani iliyokwama, kifua kinajaa, mpaka nafasi inakwisha. Mwenye ugonjwa huo akikwambia amekosa hewa, mara nyingi ukweli ni kwamba amejaa hewa. Na muziki wa huyu mzee ulikuwa wa kuvuta.

Nilimsikia kwa mara ya kwanza kwenye maegesho ya kliniki, mchana, jua la Julai likiwaka. Nilikuwa nafuata chakula changu garini nikasikia sauti ambayo nilidhani ni mtu analia. Ilitoka kwenye gari la yule mwalimu, vioo vimefungwa. Mzee alikuwa peke yake ndani, binti yake ameingia duka la dawa la jirani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imefunika mdomo. Nilikimbia nikidhani amezidiwa. Nilipofungua mlango aliishusha mikono, nikaona kiharmonika kidogo kuliko kiganja.

"Usimwambie," alisema.

Nilimbana kidoleni kile kidude cha kusoma oksijeni, nikasubiri. Namba ilikuwa mbaya, ila si mbaya kama nilivyoogopa. Nilirudi ndani nikamweleza daktari kila kitu. Daktari akasema, "Akipiga kwa siri atakufa kwa siri. Apige hapa, mbele yako, kwa sauti ndogo, oksijeni ikiwa puani. Ukiona namba inashuka chini ya tisini, mnyang'anye."

Binti yake alipoambiwa alisaini pale alipotakiwa kusaini, akaondoka bila kuniaga.

Nimezaliwa Moshi, katika nyumba ya Walutheri, na baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya usharika. Tangu utoto nilijua kwamba muziki ni kitu cha kutoa. Unajaza kifua kimyakimya, watu hawaoni, halafu unakitoa mbele ya watu. Kuvuta ni maandalizi tu. Kwa mzee huyu ilikuwa kinyume. Alinieleza kwamba wimbo ukiwa katika ufunguo mmoja, yaani ngazi moja ya sauti, mpiga blues huchukua harmonika ya ufunguo mwingine, makusudi, ili noti zenye uzito ziangukie upande wa kuvuta. Noti ya kupulizwa imenyooka, haina siri. Noti ya kuvutwa unaweza kuipinda. Alikuwa anashusha ulimi nyuma ya meno, koo linabadilika umbo, na noti inateremka taratibu, inapita mahali ambapo kwenye kinanda hakuna kitufe chake, inakaa hapo ikitetemeka.

Mikono nayo ilikuwa nusu ya kazi. Aliifunga, sauti ikawa ya mtu anayeongea chumba cha pili. Akaifungua kidogo kidogo, mtu huyo akaja mlangoni. Wenzake wengi walipenda kubana maikrofoni humo viganjani na kupitisha sauti kwenye spika ili ikwaruze. Yeye aliweka maikrofoni mbali na uso, akaiacha mikono ifanye. Na jambo la tatu, ambalo alilisema mara nyingi kuliko yote: yeye hakuwahi kupiga harmonika wakati mwimbaji anaimba. Alisubiri mstari uishe, ndipo akajibu. "Anayepiga juu ya maneno ya mtu," aliniambia akiwa kwenye mashine, akihesabu hatua zake, "hajasikia alichoambiwa."

Miezi ikapita hivyo. Nilizoea kukaa mbele yake, jicho moja kwenye namba, jicho moja kwenye shingo yake, nikitazama misuli inavyokaza. Sikuwahi kufurahia muziki ule nikiwa nimetulia. Kila noti ndefu ilinifanya na mimi nizuie pumzi.

Mwishoni mwa 2018 alipigiwa simu kutoka Houston. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamume wa makamo sasa, ambaye alikuwa amepata jina kubwa kuliko mwalimu wake. Alikuwa ameandaa onyesho la kumuenzi mzee, Jumapili mchana mwezi Februari, katika ukumbi mdogo wa mtaani walikokuwa wakipiga zamani. Mzee angeketi mbele, angesikiliza, angepewa ngao ya heshima, basi.

Binti alikataa. Mzee hakubishana naye, aliniambia mimi. "Wewe ukija, atakubali."

Niliporudi nyumbani Carrollton nilimweleza mume wangu. Alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Unakwenda kama nani?" aliuliza. "Kama mfanyakazi wa kliniki?"

"Kama rafiki. Siku ya mapumziko."

"Mama watoto, hiyo tofauti unaijua wewe na mimi. Yule mzee akidondoka pale, binti yake ataijua? Wakikuripoti, leseni imeenda. Na visa yako imeshikilia kazi, na sisi tumeshikilia visa yako."

Alikuwa na haki. Nilimwambia tu kwamba mzee angekwenda hata bila mimi, angetoroka akapande basi, kwa sababu nilikuwa nimeshamjua. Mume wangu alirudi kwenye viazi vyake, na mpaka siku ya safari hatukulizungumza tena.

Binti alikubali aliposikia nakuja, kwa sharti kwamba mzee akae tu. Tuliondoka asubuhi kwa gari langu, mzee mbele na binti nyuma pamoja na mitungi ya akiba. Mzee alikuwa na mashine ndogo ya oksijeni ya kubeba begani, inayotumia betri, nayo niliichomeka kwenye chaji ya gari. Mpaka tunapita mji wa Corsicana mvua ilikuwa inanyesha. Karibu na Huntsville magari yalisimama. Lori lilikuwa limelala kando ya barabara mbele yetu, taa za polisi zinazunguka, foleni haisogei. Hapo ndipo mashine ilipoanza kulia.

Chaji ya gari ilikuwa haifanyi kazi. Sijui tangu lini. Taa yake ilikuwa inawaka vilevile. Betri ilikuwa inakwisha.

"Fungua mtungi," nilimwambia binti.

Ufunguo wa mtungi ukamponyoka ukaingia chini ya kiti. Niliegemea nyuma nikaupapasa huku gari limesimama katikati ya barabara, mashine inalia, na binti anarudia maneno yaleyale, "Turudi, turudi, turudi." Hapakuwa na pa kurudi. Mbele magari, nyuma magari. Nilipoupata ufunguo nikafungua mtungi na kuhamisha mrija, nikamtazama mzee. Alikuwa amebana midomo kama mtu anayepoza chai, anatoa hewa polepole kama tulivyomfundisha, macho kwenye vipangusa vioo. Alikuwa anahifadhi pumzi yake, na nilijua anaihifadhi kwa ajili gani.

Binti naye alijua. "Baba, utakaa tu," alisema. "Uliniahidi kwamba utakaa tu."

Mzee aliendelea kutoa hewa.

Ukumbi ulikuwa umejaa tulipofika. Nyuma yake walikuwa wanachoma nyama, na harufu ya moshi ilinifanya nimwombe mwenyeji atuketishe karibu na mlango wa mbele. Mwanafunzi wa mzee alikuja kutusalimu. Alipiga goti mbele ya kiti cha mwalimu wake ili wawe sawa kwa urefu, akamshika mkono, na nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Aliogopa kuliko sisi.

Alianza onyesho yeye mwenyewe. Sitasema kwamba hakuwa mzuri. Alikuwa na kasi ambayo sijaisikia tena. Noti zilimwagika, watu wakasimama, wakapiga makofi kabla wimbo haujaisha. Wimbo wa tatu ulikuwa wa mzee, ule niliousikia kwa vipande pale kliniki. Niliutambua kwa shida. Kila mahali ambapo mzee alikuwa anaacha nafasi, mwanafunzi alikuwa ameweka kitu. Maikrofoni iko viganjani, spika inakwaruza, na mwimbaji alipofungua kinywa harmonika iliendelea chini yake. Nilimtazama mzee. Alikuwa anaangalia sakafu.

Wakamwita apokee ngao. Alipanda ngazi mbili za jukwaa akiwa ameshika mkono wangu, mtungi ukiburutwa na binti nyuma yetu. Akaipokea, akampa binti yake aishike. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

"Hapana," alisema binti, kwa sauti ndogo.

Mzee aliketi kwenye kiti kilichokuwa jukwaani, akamwambia mpiga besi neno moja, na besi ikaanza taratibu. Ngoma ikafuata. Nilishuka nikasimama chini ya jukwaa, karibu kabisa na goti lake. Kidude kilikuwa kidoleni mwake, ananitazamisha namba kila anapofunga mikono.

Alivuta noti moja. Ilikuwa ndefu, na akaipinda kuelekea chini. Kisha akaacha. Besi ikaenda, ngoma ikaenda, na yeye hakupiga kitu. Muda ukapita. Watu wakaanza kutazamana. Binti alinishika mkono juu ya kiwiko, kucha zikaingia. Mimi nilikuwa naona kile ambacho wao hawakioni: midomo imebanwa, hewa inatoka polepole, anajitahidi kupata nafasi kifuani kwa ajili ya noti inayofuata. Mwanafunzi wake alipiga hatua kumfuata. Mzee akainua kidole kimoja, bila kugeuka. Subiri.

Akavuta tena. Noti mbili, ya pili imepinda. Akaacha tena.

Namba ilikuwa inashuka. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba atulie. Aliniona na akavuta nyingine. Nilikanyaga ngazi ya kwanza, nikijua kwamba nikipanda nitamwaibisha mbele ya watu waliokuja kwa ajili yake, na nisipopanda huenda nikamzika. Nilisimama pale na mguu mmoja juu.

Mwanafunzi wake ndiye aliyetuokoa. Alisimama nyuma ya kiti cha mzee, akatia harmonika yake mfukoni, na akaanza kuimba. Hakuwa mwimbaji, sauti yake ilikuwa kavu, tena ikitetemeka. Lakini aliimba mstari mmoja polepole, akaurudia, akaufikisha mwisho, na muda wote huo mzee alikuwa na kazi moja tu, kutoa hewa. Mstari ulipoisha mzee akajibu. Noti tatu. Mwanafunzi akaimba mwingine, mrefu kuliko wa kwanza, anauvuta makusudi, akitazama mgongo wa mwalimu wake unavyopanda na kushuka. Hakufungua kinywa kwa mstari mpya mpaka mgongo ulipotulia. Namba ikasimama, haikupanda wala haikushuka. Nikateremsha mguu wangu.

Waliumaliza wimbo hivyo. Hata makofi yalichelewa, kwa kuwa watu hawakuwa na uhakika kama umekwisha au ni nafasi nyingine.

Tulipomfikisha garini alishika ubavu wa kulia. "Hapa," alisema. Nilijua upande huo una nini. Nililiendesha gari mpaka hospitali ya karibu nikiwaza maneno ya mume wangu moja baada ya jingine.

Walimpiga eksirei. Mimi na binti tulikaa kwenye viti vya plastiki, kiti kimoja katikati yetu kikiwa na ngao. Nilikuwa nangoja anishambulie, na nilikuwa nimeamua kwamba sitajitetea.

"Nina miaka hamsini na minane," alisema hatimaye. "Unajua leo ni mara yangu ya kwanza kumsikia akipiga mbele ya watu?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Mama alikuwa mtu wa kanisa. Hakuruhusu tukanyage sehemu hizo. Nikiwa mtoto baba alikuwa anaondoka Ijumaa, anarudi Jumatatu, nikakua nikijua tu kwamba kuna kitu anakipenda kuliko sisi. Nyumbani hakupiga. Nikawa mtu mzima, nikaweza kwenda mwenyewe, sikwenda. Nilisema sitampa hiyo heshima."

Aligeuza ngao uso chini.

"Nilikuwa nimekaa pale nikitaka anyamaze ili apone, na nikitaka aendelee. Yote mawili kwa wakati mmoja. Sikujua mtu anaweza kutaka hivyo."

Daktari alitoka akasema pafu halijachanika. Misuli ya mbavu ilikuwa imevutika, basi. Binti alifunika uso kwa mikono miwili na akalia kwa sauti, na mimi nikahamisha ngao nikakaa kile kiti cha katikati.

Mwaka ule wa 2019 alikuja kliniki bila kukosa. Mwanafunzi wake alikuja kutoka Houston mara kadhaa, akakaa kwenye kona ya chumba cha mazoezi, na mzee alikuwa anampa noti moja afanye nayo kazi mchana mzima. Siku nyingine walikosana. Mwanafunzi alisema watu hawalipi kiingilio kuja kusikiliza kimya. Mzee alisema hilo si tatizo lake. Binti alikuwa anasikiliza akiwa amekaa mlangoni na madaftari ya wanafunzi wake, anasahihisha, na wakati mwingine kalamu ilikuwa inasimama muda mrefu.

Machi 2020 kliniki ilifungwa. Mimi nilihamishiwa wodini, kwenye mashine za kupumulia, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nalala chumba cha wageni nisije nikawaambukiza watoto wangu, ambao walikuwa wanagonga mlango na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimekula. Mzee alibaki ndani kwa binti yake. Hakuambukizwa. Mapafu yake yalichoka tu, na alifariki mwezi Agosti, mchana, binti yake akiwa amemshika miguu kwa sababu alisema miguu inasikia baridi.

Mazishini tuliruhusiwa watu wachache, tukasimama tukiachiana nafasi, tukiwa na barakoa. Mwanafunzi wake aliendesha gari kutoka Houston. Kwa kuwa asingeweza kupiga akiwa na barakoa, alikwenda kusimama peke yake kwenye uzio, mbali na sisi, akaivua. Alileta harmonika mdomoni, ikatoka sauti iliyokatika. Alikuwa analia, na anayelia hawezi kuitawala pumzi. Akajaribu tena, ikakatika tena. Aligeuka akatuomba radhi kwa mkono.

"Hatuna haraka," binti alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi kule. "Chukua muda wako."

Zamu yangu ilikuwa inaanza, na wodi ilikuwa imejaa. Nilimwinamia binti kwa mbali, hatukuweza kukumbatiana, nikatembea kuelekea garini. Nilikuwa nimeshawasha injini mwanafunzi aliposhika noti ya kwanza. Nilishusha kioo nikaisikiliza mpaka ilipoisha, kisha nikaondoka kwenda kazini.